Familia za mamalia waliotoweka: tuamini jicho, jedwali la sifa au molekuli?

Anayekabidhiwa droo ya visukuku na kuambiwa aandike kila kipande ni cha familia gani hupata ushauri wa aina tatu kabla hata ya kushika brashi. Mmoja humwambia alinganishe na vielelezo vilivyokwisha kutambuliwa na aamini jicho lake. Wa pili humwambia jicho hudanganya, ajaze jedwali la sifa na kompyuta ichore mti wa nasaba. Wa tatu huwacheka wote wawili na kumwambia atafute DNA au protini. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na kila mmoja ana mifano tele ya makosa ya wenzake.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo katikati: mwanafunzi, mhifadhi wa makumbusho, mwandishi wa ensaiklopidia, au msomaji anayeshangaa kwa nini vitabu viwili vinampa mnyama mmoja familia mbili.

Kabla ya yote, ni vizuri kujua familia ni nini kisheria, maana hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama inaeleza jinsi jina la familia linavyoundwa: huchukuliwa jenasi moja (kundi la spishi zilizo karibu sana), mzizi wa jina lake ukaongezewa -idae. Kutoka Deinotherium tunapata Deinotheriidae. Lakini Kanuni haisemi familia ianzie wapi wala iishie wapi. Mpaka ni uamuzi wa mtafiti. Kwa hiyo njia hizi tatu hazitofautiani katika kutafuta jibu tu. Mara nyingine zinajibu maswali tofauti kabisa.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni ya kimapokeo. Mtaalamu huchunguza umbo la meno, fuvu na mifupa, hupima kufanana na kutofautiana, huzingatia umri wa miamba na mahali kisukuku kilipotoka, kisha hukata shauri. Kazi kubwa ya namna hii ni ya George Gaylord Simpson, aliyechapisha mwaka 1945 uainishaji wa mamalia wote, walio hai na waliotoweka. Ukisoma kitabu chochote cha zamani kidogo kuhusu mamalia wa kale, huenda unasoma mpangilio wake bila kujua.

Ya pili ni kladistiki, iliyoasisiwa na Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu. Kitabu chake cha 1950 hakikuwashtua wengi nje ya Ujerumani hadi kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Wazo lake ni jepesi kulieleza, gumu kulitii: undugu huthibitishwa na sifa mpya ambazo kundi limezirithi kwa pamoja, si na kufanana kwa jumla. Kuwa na vidole vitano hakukufanyi ndugu wa karibu wa mjusi, kwa sababu vidole vitano ni urithi wa kale wa wengi. Na kundi halali ni tawi zima: babu pamoja na wazao wake wote, bila kumwacha nje hata mmoja.

Ya tatu ni molekuli: mfuatano wa DNA, au wa protini kama kolajeni ya mifupa na protini za enameli (tabaka gumu la nje la meno), unaosomwa kutoka kwenye kisukuku chenyewe.

Nitazipima kwa mambo matano: zinahitaji kielelezo cha namna gani, zinavumiliaje mfanano usio wa undugu, zinafanya nini familia moja inapozaliwa ndani ya nyingine, majina yake yanadumu kiasi gani, na zinagharimu nini.

Una nini mkononi?

Hapa njia ya kimapokeo ina nguvu ambayo vijana wengi huidharau. Sehemu kubwa ya mamalia wa kale tunawajua kwa meno, kwa kuwa enameli ni ngumu kuliko mfupa. Gego la mamalia lina vilima, mabonde na matuta yaliyopangwa kwa namna ambayo mara nyingi hutosha kutaja familia. Magego mengi ya Deinotheriidae, hao jamaa wa tembo wenye pembe za taya ya chini zilizopinda kuelekea ardhini, yana matuta mawili makali yanayokatiza jino kwa upana. Mzoefu huyatambua akiwa bado amesimama mlangoni.

Lakini uzoefu nao una mipaka. Georges Cuvier, Mfaransa mtaalamu wa maumbile ya wanyama aliyekuwa na jicho kali kuliko wote wa zama zake, aliona magego ya deinotheri akadhani ni ya tapiri mkubwa ajabu. Aliona pia ukucha kutoka Eppelsheim, Ujerumani, akadhani ni wa kakakuona mkubwa. Ukucha ule ulikuwa wa Chalicotheriidae, ndugu wa farasi na vifaru waliokuwa na kucha badala ya kwato. Nani angetegemea mnyama mwenye meno ya mla majani awe na kucha kama zile? Kwa miaka mingi meno ya wanyama hao na kucha zao viliwekwa katika makundi mawili tofauti. Cuvier hakuwa mzembe. Alikuwa na vipande viwili ambavyo havikuwa na la kumwambia zaidi.

Kladistiki haikatai jino moja, ila hulipokea kwa kusitasita. Jedwali huuliza mamia ya maswali, na kisukuku chenye jino tu hujibu machache. Mengine yote hubaki alama za kuuliza. Matokeo yake mnyama huyo hutangatanga kwenye mti, mara yuko tawi hili, mara lile, na kuwavuruga hata waliokuwa wametulia. Njia hii hung'aa pale kuna fuvu, sikio, miguu na meno kwa pamoja. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka mwaka 2013 ulitumia sifa 4,541 za maumbile kwa spishi 86, arubaini kati yao zikiwa visukuku. Si kila maabara inaweza kubeba mzigo huo.

Molekuli hazijali kama una fuvu au kipande cha mfupa kisicho na umbo. Zinajali umri na joto. Utafiti wa mifupa ya ndege moa wa New Zealand ulikadiria kwamba nusu ya viungo vya DNA huvunjika kila baada ya miaka 521 katika hali ya pale. Katika barafu ya Siberia DNA ya mamothi imesomwa hata baada ya zaidi ya miaka milioni 1, lakini hiyo ni zawadi ya baridi. Protini hudumu zaidi. Enameli ya kifaru wa Dmanisi, Georgia, ilitoa protini za miaka milioni 1.77, na mwaka 2025 zilitangazwa protini za kifaru wa Haughton Crater, kaskazini kabisa mwa Kanada, mwenye zaidi ya miaka milioni 20. Mwaka huohuo zikatangazwa protini za enameli kutoka Turkana, zenye umri unaofika miaka milioni 18, na Turkana hakuna barafu. Mlango unafunguka. Hata hivyo familia nyingi zilizotoweka ziliishi na kufa muda mrefu kabla ya hapo, na wanyama wa Paleosini, kipindi kilichofuata mara tu baada ya kutoweka kwa dinosauri, bado hawana wa kuwasemea isipokuwa mifupa yao.

Kufanana bila undugu

Hiki ndicho kigezo kinachowaumbua wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua chonge ndefu kama jambia. Smilodon alikuwa nazo, naye ni wa Felidae, familia ya paka. Wanyama wa Nimravidae walikuwa nazo pia, wakakaa muda mrefu katika familia ya paka kwa sababu kila kitu usoni mwao kilisema paka. Kilichowatoa ni sikio. Paka wana kifuko cha mfupa kinachofunika sikio la kati, kikiwa kimegawanywa na ukuta ndani yake. Kwa nimravidi mpangilio huo haupo. Nani huangalia sikio wakati kuna chonge za kutisha mbele yake? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: Amerika Kusini alikuwepo Thylacosmilus, mwenye chonge hizohizo, naye hata kwa paka wala mbwa hana undugu wa karibu. Yuko upande wa wanyama wenye mfuko, kama kangaruu na oposamu.

Njia ya kimapokeo huteleza hapa kama mtaalamu ataupa mdomo uzito kuliko sehemu zisizoshughulika na kukamata mawindo. Mtaalamu mzuri anajua hilo na huenda moja kwa moja kwenye sikio. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kukagua alivyopima uzito huo. Umo kichwani mwake.

Kladistiki huuweka uzito huo mezani. Kila sifa imeandikwa, na anayebisha anaweza kulifungua jedwali na kuonyesha kisanduku kisicho sahihi. Faida hiyo ni kubwa mno, lakini usidhani kompyuta hutakasa mawazo yaliyoingizwa. Hadithi ya nyangumi inatosha. Mwaka 1966 Leigh Van Valen alipendekeza kwamba nyangumi wametokana na Mesonychidae, wala nyama wa kale wenye kwato, hasa kwa sababu meno yao yanafanana na ya nyangumi wa kwanza. Majedwali mengi ya maumbile yaliyofuata yaliendelea kuwaweka pamoja. Molekuli za wanyama walio hai, katika miaka ya 1990, zikasema jambo ambalo wengi walilipinga: jamaa wa karibu wa nyangumi ni kiboko. Ndipo mwaka 2001 ikatoka mifupa ya vifundo vya miguu ya nyangumi wa kale kutoka Pakistani, nayo ilikuwa na astragalasi, mfupa mmoja wa kifundo, yenye umbo la kapi juu na kapi chini, alama ya wanyama wa kwato shufwa kama ng'ombe, nguruwe na kiboko. Mesonychidae wakabaki na meno yao. Kilichokosekana kwenye majedwali ya awali kilikuwa mfupa, si hesabu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2007 ambalo kila mpenzi wa majedwali angelisoma. Watafiti walichukua mamalia walio hai, wakajifanya wametoweka, yaani wakaficha molekuli zao na kuacha maumbile tu, kisha wakaangalia wangeangukia wapi. Oda kadhaa (ngazi iliyo juu ya familia) zilihamia matawi yasiyo yao. Kama hilo linawapata wanyama tunaowajua vyema, basi nasi tupunguze sauti tunapowazungumzia wale ambao tuna mataya yao tu.

Molekuli ndizo zenye kinga bora dhidi ya chonge na kwato. Mbwa mwitu wa Tasmania, wa familia ya Thylacinidae, ambaye wa mwisho kujulikana alikufa mwaka 1936, aliwahi kuwekwa na baadhi ya wataalamu karibu na wala nyama wenye mfuko wa Amerika Kusini. DNA iliyosomwa mwaka 1989 ilimrudisha kwa jamaa zake wa Australia. Toxodon na Macrauchenia, ambao mifupa yao ilikusanywa na Charles Darwin Amerika Kusini, waliwatatiza wataalamu tangu siku za Richard Owen, Mwingereza aliyewaeleza mara ya kwanza. Mwaka 2015 kolajeni yao iliwaweka jirani na farasi, tapiri na vifaru. Zaidi ya karne moja na nusu ya ubishi, na jibu likatoka kwenye mfupa uleule. Lakini protini za enameli ni za aina chache na vipande vyake ni vifupi. Zinaweza kukuonyesha oda, halafu zikanyamaza unapouliza familia.

Familia iliyozaliwa ndani ya familia

Anthracotheriidae ni kipimo kizuri. Jina lao linatokana na Anthracotherium, lililotolewa na Cuvier mwaka 1822, likiwa na maana ya mnyama wa makaa, kwa kuwa mabaki yalipatikana kwenye tabaka za makaa. Walienea Asia, Ulaya, Afrika na Amerika Kaskazini, kisha wakatoweka wote. Au wametoweka kweli?

Mwaka 2015 alielezwa Epirigenys, kutoka Lokone huko Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 28. Jina lake limechukua neno la Kiturkana la kiboko. Meno yake yanakaa katikati ya antrakotheri na viboko, na mti uliochorwa kutokana na jedwali la sifa unaonyesha viboko wakichipuka kutoka ndani ya antrakotheri.

Sasa amua. Kwa njia ya kimapokeo hakuna tatizo: Anthracotheriidae ni familia, Hippopotamidae ni familia nyingine iliyotoka humo, na kila moja ina umbo na maisha yake. Kwa kladistiki, familia inayomwacha nje mtoto wake si kundi halali. Ama umwingize kiboko humo, ama uwavunje antrakotheri katika makundi madogo, ama uliandike jina hilo kwa alama za kunukuu na kuomba radhi. Molekuli hazina la kusema kuhusu antrakotheri wenyewe, lakini zilisaidia kwa njia ya pembeni. Kwa kuwa kiboko ni binamu wa nyangumi, na nyangumi wa kwanza wana umri wa takriban miaka milioni 50, ni lazima ukoo wa kiboko ulikuwepo mahali fulani muda wote huo. Zilionyesha pengo; mifupa ikalijaza.

Binafsi naona kanuni ya tawi zima ni ya haki zaidi mtu akiandika kuhusu nasaba, na ya kuchosha sana mtu akipanga kabati.

Jina litadumu?

Simbakubwa kutokaafrika ana jina linalojieleza kwa msomaji wa Kiswahili. Mabaki yake yalitoka Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, yakakaa miaka mingi kwenye droo Nairobi hadi Matthew Borths na Nancy Stevens walipomtangaza mwaka 2019. Pamoja na jina lake, si simba. Yeye ni hienodonti, kundi lililokuwa na jozi kadhaa za magego ya kukatia nyama, ambapo simba na fisi wana jozi moja tu kila upande. Lakini familia yake? Utamkuta katika Hyainailouridae, ilhali jamaa zake walewale katika vitabu vya nyuma ni Hyainailourinae, familia ndogo ndani ya Hyaenodontidae. Na katika vitabu vya nyuma zaidi wote wako chini ya Creodonta, oda ambayo leo wengi hawaitumii, kwa sababu Hyaenodontidae na Oxyaenidae walioungwa humo hata meno yao ya kukatia hayako sehemu moja ya taya.

Majina ya kimapokeo hudumu, lakini baadhi yake hudumu kama stoo: kila kisichojulikana hutupwa humo. Condylarthra ni stoo ya aina hiyo kwa wanyama wa kwato wa kale. Majina ya kladistiki husogea kila jedwali linapoongezwa safu. Ya molekuli, pale yanapopatikana, hutulia haraka katika ngazi za juu, lakini yanawahusu wachache.

Gharama

Kwa kifupi: jicho linahitaji miaka ya kujifunza na makusanyo ya kulinganisha, na halikidhuru kisukuku. Jedwali linahitaji miezi ya uvumilivu na kompyuta ya kawaida. Programu za kuchora miti ya nasaba kama TNT hutolewa bure. Molekuli zinahitaji chumba kisafi kupindukia, mashine ghali na ruhusa ya kutoboa au kukata sehemu ya kielelezo, na mara nyingi hurudi na majibu matupu. Kama kielelezo ni kimoja tu duniani, fikiri mara mbili kabla ya kuomba ruhusa hiyo.

Nani achukue ipi

Njia ya kimapokeo inamfaa mwenye mamia ya vipande vya kutaja kabla ya msimu kwisha, na mhifadhi anayetaka droo zake zisomeke na mtu mwingine miaka thelathini ijayo. Kladistiki inamfaa anayedai undugu na anayetaka dai lake liweze kukaguliwa na kupingwa. Molekuli zinamfaa mwenye kielelezo cha karibuni au kilichotunzwa na baridi, na swali linaloelekea oda au tawi kubwa.

Kama una jino moja, litaje kwa jicho, na ukishindwa kufika familia, simama kwenye oda. Kuandika "familia haijulikani" si aibu. Cuvier angefaidika nayo.

Kama una fuvu lenye sikio na angalau kifundo kimoja cha mguu, jaza jedwali. Usianze kutoka sifuri: chukua jedwali lililochapishwa, ongeza mnyama wako, kisha uendeshe hesabu mara mbili, mara moja huru na mara moja ukiwa umewafunga wanyama walio hai mahali molekuli zilipowaweka. Matokeo yakitofautiana sana, hiyo ndiyo habari ya kuandika.

Kama kielelezo ni cha miaka elfu chache, au kimetoka kwenye barafu, au ni jino lenye enameli nzima na mnyama mwenyewe amekataa kukaa popote, tafuta maabara ya protini. Piga picha na uskani kila upande kwanza.

Kama unaandika makala ya jumla au kipengele cha ensaiklopidia, tumia jina la familia lililozoeleka, lakini sema kama ni tawi zima au ni kundi lililomwacha mtoto nje. Sentensi moja inatosha: "Anthracotheriidae, ambao viboko wametokana nao".

Na kama umekuta vitabu viwili vinapingana, usianze kwa kuuliza kipi ni sahihi. Tazama mwaka wa kuchapishwa, kisha tazama kama mwandishi alichora mti au alipanga orodha. Mara nyingi utakuta wote wawili walimshika mnyama yuleyule, mmoja akiuliza anafanana na nani, mwingine akiuliza amezaliwa na nani.